Durham Bulls au Greensboro Grasshoppers, uende wapi msimu huu?

Haya, wapenzi wa besiboli mlioko North Carolina, kati ya timu za ligi ndogo tulizonazo ziko hizi mbili, na kwa gari ni kama saa moja tu kutoka moja hadi nyingine. Durham wako Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, chini ya Tampa Bay Rays, timu ya ligi kuu, mechi 150 kwa msimu, yaani mchezaji unayemuona leo wiki ijayo anaweza kuitwa juu ligi kuu ukamkuta kwenye tivii, na hiyo ndo raha yake na ndo karaha yake pia maana timu haitulii, ukimzoea mtu kashaondoka. Halafu uwanjani kuna lile bango la fahali ukutani, mchezaji akilipiga fahali kwa mpira anapewa steki, akipiga nyasi za kwenye bango anapewa saladi 😂

Greensboro ni High-A, ngazi mbili chini ya Triple-A, ya Pittsburgh Pirates wa ligi kuu, mechi 132, vijana bado wabichi, makosa kibao. Mkataba wa 2023 wa wachezaji wa ligi ndogo uliweka mshahara wa chini wa High-A dola 27,300 kwa mwaka, Triple-A 35,800, kwa hiyo njaa ipo na wanakimbia kweli. Pia wanajulikana kwa mbwa wa kuokota magongo, watoto wanapenda balaa.

Mi na watoto, Greensboro. Nikiwa peke yangu, Durham.