Uzoefu wangu: makumbusho ya upasuaji London, mtoa dawa za usingizi wa Dodoma nimeenda nimeona

Mnaoniuliza kwenye grupu kuhusu hiyo makumbusho tangu nirudi Dodoma haya nawaandikia mara moja nisijibu mmoja mmoja. Inaitwa Old Operating Theatre, iko kwenye dari la kanisa la zamani la St Thomas, Southwark. Dari kwelikweli yani, ngazi za kuzunguka 52, nyembamba, wenye magoti mabovu fikirieni kwanza.

Ukifika juu unakutana na mitishamba, enzi hizo wafamasia wa hospitali ya St Thomas iliyokuwa hapohapo walikuwa wanakausha dawa humo kwenye kenchi. Mizizi, maganda, vichwa vya ule mmea wa afyuni, utadhani uko soko la Majengo kwa wazee wa dawa. Sio mbaya ila nilipita haraka.

Sasa chumba chenyewe. Kilianza 1822, cha wagonjwa wanawake, ndo tieta, yani chumba cha upasuaji, kongwe kuliko zote zilizobaki Ulaya. Katikati kuna meza ya mbao tu, chini yake boksi la unga wa mbao la kukinga damu, daktari analisogeza kwa mguu kufuata damu inakomwagikia. Pembeni ngazi za wanafunzi kusimama waangalie, walikuwa wanabanana humo wanapigiana kelele wa mbele atoe kichwa. Mi nikaanza kutafuta ningekaa wapi na dawa zangu, hamna pa kukaa, maana etha, dawa ya usingizi, imeanza kutumika kwenye upasuaji Uingereza Desemba 1846, kwa hiyo miaka 24 ya mwanzo mama wa watu anakatwa mguu yuko macho kabisa, hamna nusu kaputi hamna ganzi. Ndo maana sifa ya daktari ilikuwa mkono mwepesi, Robert Liston wa hospitali nyingine hukohuko London anakata mguu chini ya dakika 3. Dakika 3 jamani, bingwa wetu hapa hata kupaka ayodini hajamaliza!

Na waliolala pale kuangaliwa na umati ni maskini, tajiri alipasuliwa kwake, hata meza ya jikoni sawa tu.

Kunawa je? Baada ya kazi, sio kabla, na koti la kazini ni lile kuukuu lenye damu za miaka. Kilifungwa 1862 reli ilipochukua eneo la hospitali, Lister, daktari aliyeanzisha kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya karboliki, kaandika 1867, yani hao vijidudu wameachiwa uwanja mpaka mwisho.

Interni, madaktari mlio mazoezini, mkipata kozi huko pitieni, ni jirani na stesheni ya London Bridge. Wadogo msiwapeleke, misumeno iko kwenye vioo wanaiona yote.