Uzoefu wangu: kupima HRV kwa ukanda wa kifuani katika utafiti wa saikolojia

Katika utafiti wangu wa namna watu wanavyokabiliana na msongo wa mawazo, ninatumia ukanda wa Polar H10 pamoja na programu ya uchambuzi ya Kubios. Ninachokipima ni HRV, yaani jinsi muda kati ya pigo moja la moyo na linalofuata unavyorefuka na kufupika. Ukanda wenyewe sina neno nao. Elektrodi zake hulowanishwa kwa maji, hufungwa chini kidogo ya matiti, na mshiriki akitulia kitini hutoa mfululizo safi wa vipindi kati ya mapigo, kwa milisekunde. Saa za mkononi zinazosoma mapigo kwa mwanga nimeziacha, kwa sababu hufuatilia wimbi la damu linapofika kwenye kifundo cha mkono badala ya umeme wa moyo, na mshiriki akianza kuchapa majibu yake data huvurugika.

Kazi kubwa huanza baada ya kurekodi, pale faili linapofunguliwa. Tuseme vipindi vinasomeka 820, 815, kisha ghafla 1,640, halafu 810: hapo moyo haukusimama, ni pigo moja tu ambalo kifaa hakikulinasa. Kosa hilo moja, katika rekodi ya dakika 5 ya mtu ambaye RMSSD yake halisi (kipimo cha HRV kinachotokana na tofauti kati ya vipindi vinavyofuatana, ambacho kikiwa juu huchukuliwa kuwa ishara ya utulivu) ni milisekunde 30, linatosha kuipandisha hadi karibu 68, na mtafiti asiyetazama grafu ataandika kwamba mshiriki wake ametulia kupita kiasi. Programu ina viwango vitano vya kusahihisha mapigo ya namna hiyo, kuanzia kizingiti legevu cha sekunde 0.45 hadi kikali cha 0.05: kipindi kinachopishana na wastani wa vipindi jirani kwa zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa kosa. Kishawishi cha kuchagua kile kikali zaidi ni kikubwa, ila kwa vijana wenye afya, ambao mapigo yao hubadilika sana wanapovuta na kutoa pumzi, kiwango hicho hufuta kitu kilekile tunachokitafuta. Mimi huanza na kilicho legevu, nakaza pale tu grafu inaponilazimisha, na idadi ya mapigo yaliyosahihishwa naitaja katika ripoti.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba mpangilio huu haunipi kipimo cha moja kwa moja cha upumuaji. Programu huyagawa mabadiliko ya mapigo katika bendi kulingana na kasi ya kujirudia kwake. Bendi ya masafa ya juu, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa kielelezo cha kazi ya neva ya vagasi, ile inayoutuliza moyo, ni kati ya hezi 0.15 na 0.4, sawa na pumzi 9 hadi 24 kwa dakika. Mshiriki aliyefundishwa kupumua polepole, mara 6 kwa dakika, huangukia hezi 0.1, ndani ya bendi ya masafa ya chini, na hapo matokeo yake hufanana kabisa na yale ambayo baadhi ya waandishi bado huyaita dalili ya msongo, ilhali mtu mwenyewe yumo katika utulivu wa hali ya juu. Ndiyo maana uwiano wa bendi hizo mbili, ingawa programu huuchapisha bila kuombwa, siuweki katika makala zangu. Yeyote anayechunguza mazoezi ya kupumua au kutafakari anahitaji ukanda wa pili wa kupima upumuaji, na gharama hiyo aiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Muda wa kurekodi wa dakika 5, uliopendekezwa katika mwongozo wa pamoja wa wataalamu wa moyo wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa mwaka 1996, unawafaa washiriki wengi bila kuwachosha. (Waende msalani kwanza, kibofu kilichojaa nacho huathiri mapigo.)

Kwa anayelinganisha hali ya mtu huyohuyo akiwa amepumzika, akiwa kwenye jaribio na baada ya jaribio, ukanda huu ninaupendekeza bila kusita. Anayewapima watu ambao mapigo yao huja mapema au huruka mara kwa mara atafute elektrokadiogramu kamili, yaani rekodi ya umbo zima la umeme wa moyo, kwa kuwa vipindi peke yake havitamwezesha kutenganisha hitilafu ya moyo na hitilafu ya kifaa.