Kumpima mtoto mwenye usonji risasi (ile metali yenye sumu, lead) kwenye damu hapa Mombasa: maabara tuliyoenda, na kifurushi cha "kutoa sumu" tulichokataa

Wazazi wenzangu, naulizwa sana inboksi "mtoto mlimpimia wapi risasi na ni pesa ngapi", kwa io naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina la maabara nawapa inboksi, hapa naeleza huduma tu. Nyota 4 kati ya 5, na hio moja iliyopotea mtaona ilipotelea wapi.

Kijana wetu ana miaka sita, maneno machache, na kila kitu lazima kipite mdomoni. Mchanga, chokaa ya ukuta, vipande vya rangi ya dirisha anavibandua kwa kucha mmojammoja anatafuna, ukimwahi kimoja ana kingine. Tunakaa upande wa Changamwe, na mtu wa Changamwe hahitaji kuelezwa risasi ni nini. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa. Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza pale 2007 mpaka kikafungwa 2014, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido ambaye mwenyewe alikua mfanyakazi wa kiwanda, ndio akaanza kupigana mpaka akapewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, 2015, na kesi ikapanda ikashuka hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sa mtoto anaekula udongo, mtaa huu, utaacha kumpima?

Daktari wake wa watoto alisema neno ambalo nataka kila mzazi hapa alisikie. "Mama, simpimi kwa sababu ana usonji. Nampima kwa sababu anakula udongo na rangi." Yaani hatafuti chanzo cha usonji pale, anatafuta sumu ambayo inaweza kumuongezea mtoto shida juu ya alizonazo, manake risasi inaharibu akili na utulivu wa mtoto yeyote, na hawa wetu wanaoendelea kutia vitu mdomoni hata wakiwa wakubwa ndio wako hatarini kwa muda mrefu zaidi. Akaandika kipimo kimoja tu. Risasi, damu ya mshipani. Zebaki na aseniki (arsenic), sumu nyengine zinazopimwa hivi, akasema hana sababu ya kuzitafuta, na sisi watu wa pwani ukipima aseniki kwenye mkojo siku mbili baada ya kula pweza utaletewa namba ya kutisha ambayo ni ya pweza tu, haidhuru. Zebaki angeiulizia kama kuna mtu nyumbani anapaka zile krimu za kujichubua, kwetu hakuna.

Haya, maabara yenyewe. Nilipiga simu kabla nikawaeleza mtoto ana usonji, hapendi kushikwa wala makelele, yule dada wa mapokezi akaniambia njoo asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, na kweli tulipofika hatukukalishwa foleni. Krimu ya ganzi tulimpaka nyumbani saa nzima kabla. Nesi alikua mama wa makamo, mpole, kitu cha kwanza akampeleka mtoto sinkini akamwosha mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko kwa sabuni, akanieleza kwamba vumbi la risasi likiwa juu ya ngozi linaingia kwenye sampuli na majibu yanakuja uongo. Alafu akampa ile kamba ya mpira ya kufungia mkono aichezee kwanza, akaivuta akaivuta mpaka akachoka nayo, akamfunga. Mimi nimempakata. Akanambia "mama, mkumbatie, lakini usimkaze, akiona unamkaza ataogopa." Chupa aliyotolea ilikua na kifuniko cha buluu iliyoiva, sio ile ya zambarau ya kawaida, nikauliza, akasema hizi zimethibitishwa hazina metali ndani. Sindano moja, akalia kidogo, kwisha. Nimeshaenda sehemu mtoto akashikwa na watu wanne kama mwizi kwa hivo kwa huyu nesi peke yake mimi ningewapa nyota zote.

Kasoro sasa. Moja, hawakusema kwamba sampuli inasafirishwa nje ya nchi, tulikaa tukingoja majibu, napiga simu naambiwa "bado mama" bila maelezo. Ya pili ndio kubwa. Majibu yalikuja mikrogramu 7 kwa desilita, na pembeni wamechapisha kwamba chini ya 10 ni kawaida. Io 10 ni ya zamani! Marekani waliiacha 2012, saa hii wao wanaangalia kuanzia 3.5, na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema mtoto akifika 5 tafuta inakotoka na uchukue hatua. Mzazi asiejua angesoma "kawaida" akaikunja karatasi akaiweka kabatini, na mtoto anaendelea kutafuna dirisha. Niliwaandikia waibadilishe, wamejibu wataangalia. Nyota imeondoka hapo.

Kwa io majibu yenu msisome pale pembeni, mpelekeeni daktari.

Sasa ile kliniki nyengine, ambayo pia siitaji. Wengi mmetumiwa lile tangazo lao, kifurushi cha metali nzito kwa watoto wa usonji, nywele pamoja na mkojo. Nilienda kuulizia nikiwa na maswali yangu. Bei yake ilikua zaidi ya mara tatu ya kile kipimo cha damu. Utaratibu ni kwamba mtoto anapewa kwanza vidonge vya kuvuta metali, alafu ndio mkojo unakusanywa. Nikauliza, sa majibu mnayalinganisha na nani? Na watu wa kawaida. Hao watu wa kawaida walimeza vidonge? Hawakumeza. Basi ndugu zangu io ni kukoroga kisima alafu ukapiga kelele kwamba maji ni machafu. Kila binadamu ana metali kidogo mwilini, umpe mtu mzima wa afya dawa ile, mkojo wake utapanda, na ripoti itakuja na mistari myekundu juu hadi chini. Mama mmoja tunaekutana nae shuleni alinionyesha ya mwanawe, nyekundu tupu, akawa halali usiku. American College of Medical Toxicology, madaktari wa sumu hao, walishasema miaka mingi kwamba kipimo cha namna hii hakijathibitishwa, hakina faida na kinaweza kudhuru. Na nywele ndio kabisa, mwaka 2001 kuna watafiti wa California walichukua nywele za mtu mmoja wakazituma maabara sita tofauti, majibu hayakulingana. Mtu mmoja, kichwa kimoja!

Kinachoniuma sio pesa. Ni kinachofuata baada ya ile karatasi nyekundu. Wanakuuzia dripu za kuvuta metali, wenyewe wanaita kelesheni, na wanakwambia mtoto ataanza kuongea. 2005 kule Pennsylvania, Marekani, mtoto wa usonji wa miaka mitano alikufa akiwa anawekewa dripu ya aina hio, dawa ilishusha kalsiamu kwenye damu mpaka moyo ukasimama. Miaka mitano! Utafiti uliokua umepangwa huko huko wa kuijaribu kwa watoto wa usonji ukafutwa 2008 kwa ajili ya hatari, na mwaka 2010 serikali yao ikaandikia makampuni barua za onyo kwa kuuza dawa hizi wakidai zinatibu usonji. Kelesheni ni tiba ya kweli, ipo hospitali, lakini ni ya mtoto ambae risasi yake imefika huko 45 na kuendelea na analazwa au anafuatiliwa kwa karibu. Mtoto ambae risasi yake ni 7 haguswi nayo. Huyo anaondolewa chanzo.

Na chanzo ndio kazi. Daktari alitupa maswali tukayajibia nyumbani. Dirisha lile rangi yake ni ya zamani, landlodi akakubali tulifunike na tupake juu bila kukwangua manake ukikwangua kavu unatawanya vumbi nyumba nzima. Nyuma ya ploti kuna fundi wa betri, udongo pale tumeuziba, mtoto hachezi tena upande ule. Wanja wa nyanya yake, ule aliletewa zawadi na amekua akimpaka wajukuu wote tangu wachanga, nilikaa nae chini nikamwambia kwa adabu kwamba wanja mwengine ni jiwe la risasi lenyewe limesagwa, alinyamaza kidogo akasema "basi uondoeni, mwanangu." Sufuria zile za kusubu kwa vyuma chakavu tumeacha kupikia vitu vya ndimu na nyanya, manake uchachu unaitoa risasi kwenye sufuria. Sakafu tunapiga deki kwa maji, ufagio mkavu hapana. Na damu yake ilikutwa na upungufu wa chuma, akaandikiwa dawa ya chuma, kwa sababu mwili wenye njaa ya chuma unaidaka risasi zaidi.

Baada ya miezi mitatu hivi tulirudi maabara ile ile, nesi yule yule, ikaja 4. Mnaniuliza kama amebadilika. Risasi imeshuka, usonji wake uko vilevile, bado anapepesa mikono akifurahi na maneno yake ni yale yale na spichi therapi tunaendelea. Hatukupima ili usonji uondoke.

Mkitaka kwenda: muwe na barua ya daktari iseme damu ya mshipani, sio ya kidole, manake ya kidole ikija juu watawarudisha tena. Msikubali mtoto apewe dawa yoyote kabla ya kutolewa damu. Ulizeni chupa ni ile ya kupimia metali au ya kawaida. Wanafungua saa moja asubuhi, Jumamosi mwisho saa sita, malipo ni M-Pesa au kadi, na yule nesi mzuri huwa hayupo Jumatano.