Kompyuta ya nyumbani: nilivyozipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuikimbia

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. Shangazi ana mtoto anaanza mwaka wa kwanza Dodoma, jirani anataka mashine ya kuwekea hesabu za duka, binamu katumiwa hela na kaka yake aliyeko Muscat. Swali ni lile lile: "Ninunue ipi?" Na karibu wote wanauliza huku moyo umeshaangukia moja waliyoiona dirishani, nyembamba, rangi ya fedha, bado imevikwa plastiki.

Mimi nina kipimo kimoja: nunua inayofunguka. Ukishika bisibisi ukatoa mfuniko wa chini, ukute RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi) inachomoka, diski inachomoka, betri inachomoka. Kompyuta ya namna hii nayo huharibika, lakini ikiharibika fundi anabadilisha kilichokufa na maisha yanaendelea. Ile ambayo kila kitu kimechomelewa kwenye ubao, kikifa kimoja umezika vyote. Mpangilio wote unaofuata umetoka kwenye kipimo hicho, na pale nilipokivunja nitasema.

Ya kwanza: mashine ya ofisini ya mwaka 2018

Nazungumzia hasa tatu: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5. Zote ni za 2018, zote inchi 14, zote zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayochukua mamia kwa mpigo, yanazitumia miaka mitatu minne, kisha yanazitoa zote kwa pamoja. Ndizo hizo unazozikuta zimepangwa kama matofali kwenye maduka ya Kariakoo. Hazina mvuto. Ila bawaba zake ni za chuma, na tatu zote zina nafasi mbili za RAM.

Kwa nini 2018 na si 2016? Hapa ndipo watu wengi wanapigwa, kwa hiyo tukae kidogo. Jina "Core i5" au "Core i7" la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni kama jina la ukoo, halikuambii umri. Umri uko kwenye tarakimu zinazofuata. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i7-6600U ni ya kizazi cha sita. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii i7, achana na hizo i5," na atakutajia bei ya juu kidogo kwa sababu hiyo. Lakini hiyo i7-6600U ina viini viwili, yaani wafanyakazi wawili ndani ya prosesa, wakati i5-8250U ina vinne. Intel, wanaozitengeneza, ndipo walipoongeza, kwenye kizazi cha nane, katika prosesa hizi za kompyuta mpakato za kawaida. Kwa hiyo i5 ya 2018 inaipita i7 ya 2016 kwenye kazi yoyote inayotaka viini vyote vifanye kazi kwa pamoja, na bei yake mara nyingi ni ndogo.

Sababu ya pili ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana. Kuna mafundi wanaoilazimisha iingie kwenye mashine ya kizazi cha sita, na inaingia kweli, ila Microsoft hawaahidi kwamba masasisho yataendelea kufika. Ukiuziwa mashine ya zamani "yenye Windows 11", angalia prosesa kwanza ndipo ufurahi.

Katika hizo tatu mimi niko na T480, na sababu yangu ni umeme. Ina betri mbili, moja ndogo ndani na nyingine nyuma inayochomoka kwa vidole tu. Umeme ukikatika na betri ya nje ikaisha, unaichomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine, kwa sababu ile ya ndani inaishikilia. Betri kubwa ya nje ni ya Wh 72 (kipimo cha umeme inaobeba), inakaa kama kisigino chini ya kompyuta na haipendezi hata kidogo, lakini mgao ukiwepo utaipenda. Yangu nilitajiwa laki nane, nikaondoka nayo kwa laki sita na nusu baada ya kujifanya naenda duka la pili. Angalizo mbili tu: baadhi ya T480 zina kioo cha 1366 kwa 768, ambacho ni duni, tafuta cha 1920 kwa 1080, na ukifika nyumbani sasisha programu ya Thunderbolt, ile inayoendesha tundu la USB-C, kutoka Lenovo, maana toleo la mwanzo lilikuwa na kasoro inayoweza kuua tundu hilo.

Latitude 7490 ni nyepesi zaidi, na mtu anayepanda daladala na begi mgongoni kila siku ningempa hiyo. EliteBook 840 G5 ndiyo nzuri kuliko zote kwa sura, mwili wa alumini. Lakini nyingine zina kioo cha faragha, kile kinachozuia jirani wa pembeni asisome. Kioo hicho kinafifiza mwanga na kupotosha rangi, na muuzaji hatakuambia. Ikalishe mezani, isogeze upande, kama picha inageuka giza haraka, omba nyingine.

RAM isiwe chini ya GB 8, na ombea iwe kipande kimoja ili nafasi ya pili ibaki wazi ya kuongezea. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, GB 256 inatosha wengi. Hapo sina mjadala.

Kabla hujatoa hela

Niliwahi kununua ThinkPad kwenye duka moja ambalo sitalitaja, nikaijaribu vizuri, nikaridhika. Wiki mbili baadaye nikataka kubadilisha mpangilio mmoja kwenye BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ikaniuliza neno la siri. Kumbe ilikuwa imefungwa na kampuni iliyoitumia mwanzo. Kwenye ThinkPad neno hilo haliondoki kwa kuchomoa betri ya saa kama kwenye kompyuta za zamani; njia rasmi ni kubadilisha ubao mzima. Nilirudi dukani, nikaambiwa, "Lakini si inawaka?"

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ni kuiwasha na kuingia BIOS hapo hapo kaunta: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikiomba neno la siri na muuzaji hana, irudishe kwenye rafu.

Kisha betri. Fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, Windows itakutengenezea ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa imebaki nusu, hiyo ni hoja ya kushusha bei. Pitisha kiganja kwenye padi ya kipanya pia: ikiwa imenyanyuka au haibonyei sawa, huenda betri imevimba chini yake, na hiyo usibebe hata kwa punguzo.

Kibodi, bonyeza kila herufi. Mashine nyingi zinatoka Ulaya, na baadhi zimebandikwa stika juu ya herufi. Chini ya stika kuna kibodi ya Kijerumani au Kifaransa, na stika zikianza kung'oka baada ya miezi sita utakuwa unatafuta A ilipo. Ya Uingereza haina shida, ila utazoea kwamba alama ya @ imebadilishana nafasi na alama za nukuu.

Ya pili: kompyuta ndogo ya mezani

Nashangaa watu wachache wanaifikiria. Kama mashine haitatoka nyumbani au dukani, kuna vile visanduku vidogo vya ofisini, kimo cha kitabu kinene: Dell OptiPlex 7060 Micro, Lenovo ThinkCentre M720q, HP EliteDesk 800 G4 Mini. Ndani unakuta mfano i5-8500T, viini sita, prosesa iliyopangiwa wati 35. Inafunguka kwa skrubu moja au mbili. Ongeza kioo cha mtumba na kibodi yoyote, familia nzima ina kompyuta ambayo mtoto hawezi kuidondosha. Tatizo ni umeme: haina betri, kwa hiyo weka na bei ya UPS, kisanduku cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika, kwenye hesabu yako tangu mwanzo, usije ukainunua kwa hasira baada ya kupoteza kazi ya siku.

Ya tatu: MacBook Air ya M1

Hapa ndipo ninapovunja kipimo changu. Hii ya Novemba 2020 haifunguki kwa maana yoyote ya maana. RAM na hifadhi vyote vimechomelewa, na unachonunua leo ndicho utakachokufa nacho. Lakini haina feni, haipigi kelele, na betri yake inakaa siku ya kazi nzima. Kwa mtu wa video au anayeandika sana, na mwenye hela, siwezi kumkataza. Ahakikishe tu mwenye mashine ameshaitoa kwenye akaunti yake, la sivyo amenunua trei ya kubebea chai.

MacBook Air ya 2017 usinunue. Inauzwa sana kwa sababu tufaha la nyuma linawaka. Mfumo wake unaishia toleo liitwalo Monterey, ambalo Apple wameshaacha kulihudumia.

Ya nne: kizazi cha sita na cha saba, kwa Linux

Kama bajeti ni ndogo kweli, chukua T460 au T470, sahau Windows, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ni bure, inaenda vizuri kwenye mashine hizo, na LibreOffice inatosha kuandikia barua na ripoti. Jirani yangu wa duka haikumfaa, kwa sababu programu yake ya mauzo inakubali Windows tu. Uliza hilo kwanza.

Chromebook, kompyuta zenye mfumo wa Google unaotegemea sana intaneti, sina mengi ya kusema. Nzuri kwa mtoto wa shule kama nyumbani kuna intaneti isiyo ya kuhesabu bando. Kabla ya kununua tazama tarehe yake ya mwisho ya masasisho, maana za mtumba nyingine zimeshaipita.

Ya mwisho: mpya, nyembamba, ya bei rahisi

Ndiyo ile ya dirishani. Prosesa Celeron N4020, viini viwili. RAM GB 4, imechomelewa. Hifadhi GB 64 ya eMMC, aina ya bei rahisi isiyo na kasi ya SSD, nayo imechomelewa, na Windows peke yake inakula sehemu kubwa yake. Siku ya kwanza inaenda. Baada ya masasisho mawili matatu nafasi imejaa, na Windows inaanza kukuomba uchomeke flashi ili iweze kujisasisha. Huwezi kuongeza RAM, huwezi kubadilisha diski. Fundi anaiangalia, anaifunga, anakurudishia. Bei yake inakaribia ya T480 iliyotumika, ila hii ina risiti, boksi na harufu ya mpya, na shangazi anapenda hivyo. Mwaka jana nilishindwa hoja. Mtoto wake sasa anaandikia kazi za chuo kwenye simu.

Ukishafika nayo nyumbani

Usilipie programu ya kuzuia virusi, ile inayokuja na Windows inatosha. Kama unatumia intaneti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo (metered connection), vinginevyo bando la wiki litaondoka usiku mmoja kwa masasisho.

La baruapepe ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Windows 11 inapoanza kuwekwa inadai akaunti ya Microsoft, na mara nyingi inafunga diski kwa usimbaji (isisomeke bila ufunguo) kimya kimya, kisha ufunguo wa dharura inauhifadhi kwenye akaunti hiyo. Mwenye baruapepe ndiye mwenye ufunguo. Kwa hiyo fungua baruapepe yako mwenyewe, isiwe ya chuo wala ya kazini, kwa sababu siku ukiondoka inaondoka. Namba ya simu unayoiandika kwa ajili ya kurejesha akaunti iwe ile usiyokusudia kuitupa. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao huwapa namba hiyo watu wengine.

Na usikubali muuzaji "akuwekee kila kitu". Mpwa wangu alikubali. Kijana wa dukani, kwa wema tu, aliingiza akaunti yake ili kuharakisha, mashine ikawaka vizuri, ikafanya kazi miezi minne. Siku moja BIOS ikajisasisha, na asubuhi ikatokea skrini ya bluu inayotaka tarakimu 48. Tarakimu hizo, ndizo ule ufunguo wa dharura, zilikuwa kwenye akaunti ya yule kijana. Tulikwenda dukani tukakuta wanauza viatu.