pip uninstall: inafuta uliyoitaja tu, zingine utajijua mwenyewe

Kwa wanaoandika programu kwa lugha ya Python, pip ndo chombo cha kuweka na kutoa paketi, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine. pip install haina shida, inashusha mzigo chap chap. Kasheshe iko kwenye kutoa, yaani pip uninstall.

Nianze na sifa zake maana zipo. Ukiiambia itoe paketi inakuonyesha kwanza inachotaka kufuta halafu inauliza iendelee au la, na haibahatishi, inasoma faili la RECORD kwenye folda ya dist-info ambalo lina orodha ya mafaili yote yaliyowekwa wakati wa kuinstoli. Hapo naipa maksi zote.

Sasa ukiinstoli paketi kama requests inakuja na wenzake, urllib3, idna, certifi na charset-normalizer. Toa requests, wale wanne wanabaki wamekaa kimya. Na jupyter ndo kichekesho kabisa, lile jina ni ganda tu la kuvuta paketi zingine, unalitoa, pip inakwambia imefanikiwa, halafu unaandika jupyter notebook kwenye terminali inafunguka kama kawaida!! Yaani umefuta nini sasa? Wenzetu wa npm, chombo kama hicho cha upande wa JavaScript, ukitoa paketi inaondoka na ilizokuja nazo kama hakuna mwingine anayezitegemea.

Sawa, watengenezaji wa pip wana utetezi, huenda skripti yako inaiita urllib3 moja kwa moja na pip haiwezi kulijua hilo. Ila mbona ukigeuza, ukatoa urllib3 huku requests bado inaihitaji, inafuta bila hata kukuonya? Hapo mpaka ukumbuke mwenyewe kupiga pip check ndo ikwambie kuna kitu kinakosekana. Bora kabla ya kufuta upige pip show uangalie mstari wa Required-by, na ukishamaliza pip list --not-required itakuonyesha zipi hazitegemewi na nyingine yoyote, uanze kuzichambua kwa mkono. Kazi ya kuchosha bana.

Zile paketi zilizoinstoliwa kwa distutils, njia ya zamani ya Python, ndo usiseme, hazina orodha ya mafaili, kwa hiyo tangu toleo la 10 la mwaka 2018 pip inagoma kabisa kuzitoa. Kugoma kuliko kufuta nusu, mi naona walifanya la maana.

Nyota mbili na nusu kati ya tano. Kila mradi utengenezee venv yake, yaani folda iliyotengwa ya paketi zake, ukichoka nao unafuta folda nzima, ila cache ya pip, akiba ya mafaili iliyoyashusha, inakaa nje ya hiyo folda, hiyo ipige pip cache purge.