Boti ya kukodi Tampa Bay: muulize nahodha kuhusu baridi kwanza

Ukitaka kukodi boti ya kuvulia hapa Tampa Bay, Florida, miezi ya baridi, usihangaike na ukubwa wa injini wala picha za samaki. Muulize nahodha jambo moja: upepo wa kaskazini ukipiga, wewe unafanya nini? Niliyemkodi Januari alinijibu kabla sijauliza. Tulipatana tuondoke saa moja asubuhi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe akapiga simu, akasema tusifike kabla ya saa tano, na bei haibadiliki.

Baba mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani na ambaye safari yenyewe ilikuwa yake, alinung'unika. Mvuvi gani anaingia baharini saa tano? Lakini nahodha alikuwa na sababu. Wakati wa baridi, maji ya huku hupwa sana asubuhi, na upepo ukitoka kaskazini unayasukuma nje ya ghuba yakapungua zaidi. Mafungu ya mchanga yanabaki wazi, na samaki waliopoozwa na usiku wanalala kwenye mashimo bila hamu ya kula. Jua likipiga matope ya kina kifupi hadi mchana, maji yanapata vuguvugu na wao wanaanza kutembea. Kwa hiyo angeweza kutuchukua alfajiri, akatuzungusha kwa muda wa saa nne tukitetemeka, akapokea pesa zake. Hakufanya hivyo, na kwangu hiyo ndiyo nusu ya thamani ya safari.

Bei ni dola 550 kwa saa nne, boti nzima, si kwa kichwa. Ndani yake kuna fimbo, chambo, barafu na leseni ya kuvua: kwenye boti ya kukodi yenye leseni yake, abiria hahitaji kukata ya kwake. Bakshishi haimo, na huku wateja huacha asilimia 15 hadi 20, basi ihesabu mapema. Sheria inaruhusu boti za aina hii kubeba abiria hadi 6. Kwa hii yetu, watatu wanakaa kwa raha, wanne wanabanana, na zaidi ya hapo mishipi itafungamana.

Alitupeleka kwenye daraja la Sunshine Skyway. Wakazi wa zamani wa hapa hawapiti pale bila kukumbuka Mei 1980, meli ya Summit Venture ilipogonga daraja la awali wakafa watu 35. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1987, na nguzo zake zimezungushiwa ngome za saruji za kuzuia meli. Ngome hizo zimeota magamba na chaza, na miezi hii ndiko anakokaa shipshedi, samaki mpana mwenye milia myeusi na meno ya mbele yanayofanana kabisa na ya binadamu. Nyuma ya hayo ana magego ya kusagia kaa na chaza.

Nahodha hakutia nanga. Injini ndogo ya umeme ya mbele iliishika boti palepale, mkondo ukipita chini yetu. Chambo kilikuwa kaa wadogo wale wenye gando moja kubwa, ndoana fupi nene, na chubwi ya kutosha tu kumfikisha kaa chini. Alitueleza kwamba huyu samaki havuti, anamng'ata kaa na kumtema maganda, na ukingoja mvuto utapandisha ndoana tupu. Mume wangu alipandisha ndoana tupu mpaka nikamwonea huruma. Baba yeye aliacha kuangalia ncha ya fimbo. Aliushika mshipi kwa kidole cha shahada na gumba, juu ya rili, akafumba macho. Kidole kikasogea kidogo sana. Hakukurupuka, aliinua mkono polepole kama mtu anayepima uzito, na fimbo ikapinda hadi majini.

"Huyu anakula kama changu mkubwa, mwanangu," akaniambia. "Ukimwonyesha pupa, anakuachia."

Nikamtafsiria nahodha. Tangu hapo alianza kumpa Baba kaa wazuri zaidi na kumuuliza anahisi nini chini, na alikuwa akisikiliza jibu kweli. Nimepanda boti za watu wanaomchukulia mgeni mzee kama mzigo. Huyu alimheshimu mvuvi mwenzake, na hilo silisahau.

Kila samaki alipimwa. Shipshedi lazima afike inchi 12 kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia, na mtu mmoja haruhusiwi zaidi ya 8 kwa siku. Baadaye, kwenye mdomo wa kijito chenye mikoko, mume wangu alinasa snuku mkubwa, yule mwenye mstari mweusi ubavuni. Upande huu wa Florida msimu wake umefungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Nahodha hakumtoa majini hata kwa picha. Alimtoa ndoana, akamshika akielekea mkondo mpaka akajiondokea mwenyewe. Akatueleza habari za Januari 2010, baridi ilipoua snuku wengi sana hata upande wa Ghuba ya Meksiko kuvua wa kula kukafungwa hadi 2013. Nilifurahi kumpata nahodha anayewaonea uchungu samaki anaowatafutia riziki.

Yasiyonipendeza ni haya. Boti haina choo, na tangazo lake halisemi. Nilipoomba alitupeleka gatini bila kununa, lakini mwanamke anahitaji kujua kabla hajalipa. Pia hana koti hata moja la akiba. Boti ikikata mbio kuvuka ghuba, upepo unapenya sweta mbili. Baba, ambaye kwao miezi hii ni kaskazi na joto lake, aliokolewa na koti la mume wangu.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa gatini. Huduma ya kusafisha samaki imo ndani ya bei, na kisu chake ni chepesi mno. Kabla sijageuka alikuwa ameshatoa minofu ya shipshedi wawili, na vichwa pamoja na miti ya mifupa amewatupia wari, ndege wale wenye mfuko mdomoni, waliojipanga pale. Hilo lina makosa mawili. Mifupa ile mikubwa huwachana ndege hao koo na mfuko wa mdomo, ndiyo maana wahifadhi wa wanyama huku wanakataza kuwatupia. La pili, shipshedi ana mifupa mingi na minofu michache, kwa hiyo kichwani na ubavuni ndiko kwenye mchuzi wenyewe. Baba alivitazama vile vichwa vikimezwa, akanyamaza. Nilimsimamisha nahodha, nikamweleza. Aliomba radhi, na waliobaki akawaparua magamba na kuwatumbua tu, wakiwa wazima.

Nitamkodi tena Machi, shipshedi wakiwa wamejazana pale darajani kutaga. Nawe ukienda, hilo la vichwa liseme mapema, kabla hajashika kisu.