TAHADHARI: Yule jamaa wa "magitaa ya Uhispania", msimpe hata mia

Wadau wa gitaa la klasiki, mnamjua. Huyo huyo wa begi jekundu. Ameniuzia gitaa takataka kwa milioni moja na laki mbili, sasa hapokei simu. Na kabla mtu hajaniandikia "ungekagua kwanza", nilikagua, tena kwa rula. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Lebo ndani ya tundu la sauti ilisema Valencia, 1987, rosewudi ya Brazili mbavuni na mgongoni, mwerezi mtupu mbele. Ubao wa vidole, kwa mdomo wake, ni mpingo. Nikapima. Kutoka mfupa wa juu (ule wa kichwani unaopitisha nyuzi) hadi freti ya 12, yaani chuma cha 12 cha kukingama shingoni, milimita 325, maana yake uzi wenye urefu wa milimita 650 kama inavyotakiwa. Upana wa shingo juu, 52. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, milimita 3 uzi wa kwanza na 4 uzi wa sita. Nikabonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 12 kwa pamoja, katikati pakabaki uwazi wa kupitisha karatasi tu. Shingo imenyooka. Hebu niambieni, hapo nani angekataa?

Ujanja ulikuwa kwenye kutuni. Gitaa lilitoka kwenye begi likiwa limeshatuniwa. Akakaa, akaweka mguu juu ya kibao, akapiga arpejio (noti moja moja) za kodi za Em na Am, pole pole, haendi zaidi ya freti ya tatu. Sauti nene, tamu. Akanipa. Vidole vinazama kama kwenye siagi. Nikamwambia mbona laini sana, akanijibu bila kupepesa: "Hizo ni nyuzi za mvuto mdogo kaka, Wahispania ndivyo wanavyopenda." Nyuzi zote sita zilikuwa chini kwa toni nzima! Uzi wa tano, ambao lazima uwe A ya hezi 110, ulikuwa G ya hezi 98. Zikishuka zote kwa pamoja sikio halishtuki, kwa sababu uwiano kati yao uko sawasawa. Na programu ya kutuni iko kwenye simu yangu, ndiyo, najua, msinikumbushe.

Sasa kwa nini toni moja inaficha ugonjwa? Nyuzi za nailoni zikiwa kwenye sauti yake huvuta jumla ya takriban kilo 40. Shusha toni nzima, unaondoa karibu moja ya tano ya mvuto huo. Ubao wa mbele uliokuwa umevimba unalala, daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele) linatulia, shingo inanyooka, na rula inakuambia uongo. Lilipopandishwa hadi 440 (sauti yake sahihi, kipimo ambacho A ya kati ni hezi 440) likaachwa lilale hivyo, asubuhi daraja limeinuka upande wa nyuma, karatasi inapita chini yake hadi nusu, na ndani unaona gundi ya supagluu imekauka vipande vipande. Kimo cha nyuzi kimepanda hadi 4.5 na 5.5. Daraja likiinama mbele linafupisha uzi, kwa hiyo kila noti ya freti ya 12 inasikika juu kuliko hamoniki yake, yaani sauti ya uzi ukiguswa tu hapo bila kubonyezwa.

Kushusha haiwezekani. Ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 kwenye freti ya 12 lazima uchonge milimita 2 za mfupa wa darajani, na huyu mwizi ameshauchonga, umebaki kama nusu milimita juu ya mti. Fundi niliyempelekea akaingiza kioo cha daktari wa meno na tochi. Gitaa la mtindo wa Kihispania, mbavu huchomekwa kwenye shingo yenyewe, na ndani unaona mguu wa shingo umelalia mgongo. Humu kuna kigogo cha kawaida cha kiwandani. Chini ya ubao wa mbele, badala ya vijiti vilivyotandazwa kama kipepeo cha mkono, alivyovikamilisha fundi wa magitaa Mhispania Antonio de Torres karne ya 19, kuna vijiti vitatu vya kukingama. Mwerezi mtupu ni plaiwudi. Ukingo wa tundu la sauti umepakwa rangi nyeusi ili usione matabaka.

Mpingo je? Pamba yenye spiriti ilitoka nyeusi kama wino. Mpingo unatoka Lindi na Kilwa, sisi ndio wa kudanganywa mpingo! Na rosewudi ya Brazili imezuiwa kuuzwa kimataifa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Gitaa la zamani la mti huo lazima liwe na cheti ndipo livuke mpaka. Alisema amelibeba kwenye ndege. Basi ama ni mwongo, ama ni mhalifu wa forodha. Achague mwenyewe.

Lililoliua gitaa hili ni nyuzi za chuma, kilo 70 na zaidi juu ya ubao uliotengenezwa kubeba 40. Dalili zilikuwepo: mashimo kwenye freti za kwanza chini ya nyuzi nyembamba (nailoni haichimbi hivyo), vijiti vya plastiki vya kichwani vimekatwa na waya, mifereji ya mfupa wa juu ni myembamba mno.

Huyu asipigwe, afikishwe polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na mwenye risiti za miamala yake ajitokeze tuunganishe kesi moja. Kuna watoto wa kwaya wamechangishana kununua kwake! Arudishe hela za watu au akae ndani mpaka ajue tofauti ya A na G.

Mkikutana naye, au mwingine wa aina yake, tunini wenyewe hadi 440, piga freti ya 12 nyuzi zote, karatasi nyuma ya daraja, mfupa uwe umebaki angalau milimita 2. Akikataa mliache gitaa kwenye sauti yake walau nusu saa, ondokeni.

Leo ametupia jingine, "Granada, 1979". Picha zote zimekatwa ili daraja lisionekane. Kuna kijana wa Mbagala ameshatoa arbuni ya laki tatu. Anayemfahamu amwambie leo hii asimalizie.